Shangazi, niseme "ni kweli" Jumatatu yaishe?

Shikamoo Shangazi,

Najua wengi hukuandikia mambo ya ndoa na wakwe. Langu ni la barabarani, ila lisipotatuliwa litaingia ndoani vilevile, maana mke wangu na mjomba wangu hawasemezani kwa ajili yake.

Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Malindi. Tuktuk ni ya mjomba, nami humpelekea hesabu kila jioni. Leseni ninayo, beji ya PSV (ya kubeba abiria) ninayo, bima na ukaguzi viko sawa. Kortini sijawahi kufikishwa.

Juzi mchana nilikuwa natoka upande wa Gede na abiria wawili, kina mama waliokuwa wakienda Muyeye. Tulipokaribia uwanja wa ndege, basi lililokuwa mbele yangu likasimama ghafla kushusha watu, hata pembeni halikutoka. Nikangoja kidogo. Nyuma yangu kulikuwa na matatu inapiga honi bila kupumzika. Nikatoka kulipita lile basi. Mwenye bodaboda akatokea mbele, akakwepa, akaingia kwenye mchanga wa kando, akanitukana akaenda zake. Hakuanguka wala sikumgusa. Mbele kidogo askari wa trafiki wakanipungia mkono, nikasimama.

Askari mmoja akachukua leseni yangu akaniambia hilo ni kosa la kuendesha kwa hatari, na kwamba nikifika kortini nitalipa laki moja au nifungwe. Akasema faini ya pale pale ni elfu tatu, tumalizane niende nikatafute riziki. Mfukoni nilikuwa na kama mia nane. Nikampa mia tano. Akazitazama, akanirudishia, akasema hizo ni za maji. Abiria wangu wakapanda tuktuk nyingine bila kunilipa, mimi na tuktuk tukapelekwa kituoni.

Nilikaa huko hadi magharibi, mjomba akaja akatoa shilingi 10,000 za dhamana. Tulipofika nyumbani mke wangu akaisoma risiti, kumbe imeandikwa 5,000. Mjomba akasema tunyamaze, tusije tukajiongezea. Natakiwa kufika mahakamani Jumatatu asubuhi.

Sasa kila mtu ana lake. Mjomba anasema niseme "ni kweli", niombe msamaha, nilipe, nirudi kazini, kwani kila siku tuktuk ikilala hesabu imelala. Wenzangu wa stejini wanasema nisiende kabisa. Dhamana wameshaichukua, hakuna atakayenitafuta. Kuna jamaa anayeshinda nje ya mahakama, yeye anataka elfu nane na faili "itapotea". Mke wangu anasema nikatae katakata: basi lilisimama vibaya, matatu ilinisukuma, bodaboda alikuwa mbio, na askari alitaka hongo, kwa hiyo kosa langu liko wapi?

Mimi nimechoka, Shangazi. Nataka yaishe. Nikisema ni kweli nitatozwa ngapi? Leseni watanipokonya? Na ile elfu tano nyingine niisahau?

Dereva wa tuktuk, Malindi

*

Marahaba mwanangu.

Ndoa yako nitaiacha ijitetee yenyewe. Mimi si wakili, lakini kabla ya kushika safu hii nilikaa miaka mingi kwenye meza ya ukarani mahakamani, na kitu nilichoona kikiwaumiza madereva kuliko faini ni hayo maneno mawili ambayo mjomba wako anataka uyatamke Jumatatu. Tuanze nayo, hongo na risiti tutazifikia.

Utasimama mbele ya hakimu na mashtaka yatasomwa kwa lugha unayoifahamu. Kama Kigiriama kinakuingia vizuri kuliko Kiswahili cha mahakama, sema. Mkalimani ni haki yako kwa Kifungu cha 50 cha Katiba, na hulipi hata senti. Utaulizwa kama ni kweli au si kweli, na jibu lako litaandikwa kama ulivyolitamka. Ndiyo sababu mafaili ya mahakama zetu, hata yale yaliyoandikwa Kiingereza mwanzo mwisho, yamejaa "ni kweli" na "si kweli" katikati.

Ukisema ni kweli, mambo hayaishii hapo. Mwendesha mashtaka ataeleza kisa kizima: ulikuwa wapi, ulifanya nini, nani alihatarishwa. Kisha utaulizwa tena kama maelezo hayo ni sahihi. Utaratibu huu uliwekwa wazi mwaka 1973 katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, na mahakama zetu zinaufuata hadi leo. Upo kwa ajili ya mtu kama wewe, lakini hauna faida kwa asiyesikiliza. Nimewaona wanaume wazima wakiitikia kila sentensi kwa kichwa, macho yako mlangoni, wanachotaka ni kutoka tu. Mwendesha mashtaka akisema mwenye bodaboda alianguka, na wewe unajua hakuanguka, sema hapo hapo. Akisema ulikuwa mbio na hukuwa mbio, sema. Ukiyapinga maelezo yanayogusa kiini cha kosa, hakimu anatakiwa aandike kwamba umekataa mashtaka, na kesi iende kusikilizwa. Ukinyamaza, umekiri hadithi nzima pamoja na vipande visivyokuhusu.

Tena usidhani utakata rufaa ukizinduka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 348, inasema aliyetiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe hana rufaa juu ya hatia ile. Anachoweza kulalamikia ni ukubwa wa adhabu au uhalali wake, basi, na ana siku 14 za kupeleka rufaa yake, ambayo kwenu itakwenda Mahakama Kuu hapo hapo Malindi. Walikuwa wakija mezani kwangu kesho yake, "Dada, nilidhani ni faini ndogo tu." Mimi nifanye nini, na maneno ni yao na yameshaandikwa?

Sasa kosa lenyewe. Umeniambia askari alivyosema barabarani, hukuniambia hati ya mashtaka inasema nini, na nadhani hukuiona. Kuna tofauti kubwa kati ya vifungu viwili vya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu cha 47 ni cha mtu aliyeendesha kiholela, au kwa mwendo au namna iliyo hatari kwa umma, ukizingatia hali ya barabara na wingi wa magari wakati ule. Kwa kosa la kwanza ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Kifungu cha 49 ni cha aliyeendesha bila uangalifu, au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara. Kwa kosa la kwanza nacho kina faini isiyozidi 100,000, ila kifungo chake hakizidi mwaka 1.

Mjomba wako akisikia hivyo atasema laki ni laki, yote mamoja. Si mamoja. Kosa la 47 linamwambia hakimu kwamba ulikuwa hatari, na kuanzia hapo mambo mawili hubadilika. La kwanza ni leseni: mahakama ina uwezo wa kuisimamisha au kuifuta, na uwezo huo huanza kufikiriwa kwa uzito mtu anapopatikana na hatia ya kuendesha kwa hatari. Leseni ikisimamishwa miezi kadhaa, hiyo hesabu ya mjomba itapelekwa na nani? La pili ni kumbukumbu. Mwaka ujao ukipata kosa jingine la namna hiyo, hutahesabiwa tena kama mtu wa mara ya kwanza, na adhabu ya mara ya pili ni nzito kuliko ya kwanza. Kwa hiyo hilo la "nilipe yaishe" halina uhakika kwamba yataisha.

Hapa mke wako atanisamehe. Anakupenda, na kwa sababu anakupenda ameyataja makosa ya kila mtu aliyekuwa barabarani siku ile isipokuwa ya dereva wa tuktuk. Isome barua yako mwenyewe polepole. Basi limesimama linashusha watu. Anayeshuka kwenye basi huko kwetu hupita mbele ya basi kuvuka, wala hatazami. Hilo unalijua kuliko mimi. Wewe uko nyuma yake, kwenye chombo kifupi, huoni kilicho mbele. Ukatoka. Ushahidi kwamba hukuona ni kwamba mwenye bodaboda alikimbilia mchangani, ungemwona usingetoka. Honi ya matatu si amri ya mahakama. Na kama yule kijana angeanguka akafa, tusingezungumza habari za 47 wala 49, tungezungumza habari za kifungu cha 46, kusababisha kifo kwa kuendesha gari, na kifungo chake kinafika miaka 10. Hakimu atakapoisikia hadithi hii atayaona haya yote, na ukisimama pale kusema hukufanya lolote, utamfanya asikuamini hata kwenye yale uliyo na haki nayo.

Kwa maoni yangu, uliyonieleza yanafanana zaidi na kutokuwa mwangalifu kuliko kuendesha kwa hatari. Hukuwa mbio, ulingoja kwanza, hukupita kwenye kona, hakuna aliyeguswa. Lakini nasema hivyo kwa kukusikia wewe tu. Rudi pale mahali, kwa miguu, upige picha. Tazama kama mstari wa katikati umekatika au haukukatika, maana kama haukukatika ulipita pasiporuhusiwa kupita, na hilo halina mjadala. Tazama kama basi lilikuwa na nafasi ya kutoka pembeni. Watafute wale kina mama wawili wa Muyeye. Mtu wa stejini hakosi kuwajua. Wao ndio walioona kutoka ndani ya tuktuk.

Jumatatu ufike mapema, kabla ya mahakama kukaa, umtafute mwendesha mashtaka. Huyu ni wa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, si yule askari aliyekukamata. Mwombe kwa adabu uione hati ya mashtaka na uambiwe ni kifungu gani. Ukikuta ni 49, na maelezo ni yale yale yaliyotokea, sioni aibu ya kusema ni kweli. Ukikuta ni 47, muulize kama atakubali kosa lipunguzwe liwe la 49 iwapo utakiri. Si ujanja huo. Tangu 2008 sheria yetu inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Huandikwa, husainiwa, na hakimu hukuuliza mbele ya watu wote kama umeyaelewa na kama hukulazimishwa. Kwa sababu hupitia wazi namna hiyo, hayahitaji bahasha.

Mwendesha mashtaka akikataa, sema si kweli. Hapo utapewa tarehe ya kusikilizwa, na Kifungu cha 50 kinakupa haki ya kupata mapema ushahidi watakaoutumia, yaani maelezo ya mashahidi walioandikisha, picha, chochote walicho nacho. Uombe pale pale, usingoje waukumbuke. Siku ya kesi wao ndio wenye mzigo wa kuthibitisha. Wewe huna wajibu wa kuthibitisha kwamba ni mtakatifu. Askari atatoa ushahidi, nawe utapewa nafasi ya kumwuliza. Madereva wengi huitumia nafasi hiyo kugombana. Wewe uliza maswali mafupi. Ulikuwa umesimama wapi? Kutoka pale hadi kwenye basi ni umbali gani? Basi lilikuwa kati yako na mimi au halikuwa? Uliniona nikitoka, au uliniona baada ya kutoka? Mwendo wangu uliupimaje? Mwenye bodaboda yuko wapi, aliandikisha maelezo? Halafu unakaa. Maswali sita ya kweli yana nguvu kuliko hotuba juu ya unyanyasaji wa wenye tuktuk, hata kama hotuba hiyo ningeipigia makofi nyumbani.

Sitakuficha kwamba kukataa mashtaka kuna gharama yake. Kesi huahirishwa. Shahidi hakuja, faili halikuletwa, hakimu yuko likizo. Kila tarehe ni siku ya kazi imekwenda, na mjomba wako hakosei kuzihesabu. Ndiyo maana nimekuambia uanze kwa kuzungumza na mwendesha mashtaka kabla ya kukata shauri.

Umeuliza utatozwa ngapi. Kiwango cha juu nimekupa; chini ya hapo ni hiari ya hakimu. Atataka kujua kama ni mara ya kwanza, kama kuna aliyeumia, kama hiyo ndiyo kazi yako. Ukipewa nafasi ya kuomba upunguziwe, sema hayo matatu, sema una familia, nyamaza. Usirudie habari za basi na matatu. Umeshakiri, sasa ukianza kuwalaumu wengine utaonekana hukukiri kwa moyo. Faini hulipwa kwa njia rasmi za mahakama na risiti hutoka. Akikutajia mtu namba yake ya simu umtumie, huyo si mahakama. Na ukikosa pesa zote kwa wakati mmoja, omba muda kabla hujashushwa mahabusu, au uulize habari za kazi ya jamii. Sheria yake ipo tangu 1998 na mahakimu huitumia.

Turudi barabarani. Ile "faini ya pale pale" haikuwa faini. Zipo kweli faini za makosa madogo zilizopangiwa kiwango katika kanuni za mwaka 2016: kutofunga mkanda ni 500, kushika simu ukiendesha ni 2,000, kutosimama unapoamriwa na askari mwenye sare ni 5,000, kuzidisha mwendo kwa kilomita 16 hadi 20 kwa saa ni 10,000. Kuendesha kwa hatari hakumo katika orodha hiyo, wala kuendesha bila uangalifu. Ni makosa ya mahakamani. Askari hana elfu tatu ya kukutoza kwa kosa hilo, na hata yale madogo hutolewa karatasi yenye kosa na kiasi, kisha unachagua kulipa kwa njia rasmi au kwenda kujitetea. Ukiambiwa pesa bila karatasi, ni hongo.

Na wewe ulitoa mia tano. Sheria ya Hongo ya 2016 haimwachi mtoaji. Kutoa au kuahidi kunatosha, hata kama mwenzako alizirudisha kwa sababu ni chache. Adhabu inafika kifungo cha miaka 10 au faini ya shilingi milioni 5. Sikutishi, najua hakuna dereva wa Malindi asiyejua bei ya kupita kizuizini, na najua nani huanza kunyoosha mkono. Nakuonya tu usiende kortini ukaanza kusimulia habari ya mia tano kama ushahidi dhidi ya askari kabla hujazungumza na mtu wa sheria. Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, kina ofisi Mombasa na ushauri wao kwa asiye na uwezo ni bure.

Jamaa wa elfu nane ni hongo ile ile, tena mbaya zaidi. Faili likipotea kweli, kesi haikufa. Hati nyingine huandikwa, na wewe ndiye utakayeulizwa ulikuwa wapi. Mara nyingi hata halipotei. Limekaa mahali pake, na jamaa anakunywa soda kwa pesa zako. Wenzako wa stejini nao waambie wakuachie. Usipofika, hakimu atatoa hati ya kukukamata na dhamana itachukuliwa na serikali, na utakamatwa siku usiyoitaka, pengine Ijumaa jioni na abiria ndani. Kosa ambalo lingekwisha kwa faini litakuwa limemfanya hakimu akuone mtoro. (Wasomaji wangu wa kisiwani Lamu, ambao foleni yao ni ya punda, najua mnacheka. Mkivuka Mokowe mkashika njia ya Hindi na Witu, sheria ni hii hii.)

Sasa risiti, na hapa naungana na mke wako moja kwa moja. Dhamana ya polisi si malipo, ni amana. Ukifika kortini kama ulivyotakiwa, hurudishwa kesi ikiisha, au hukatwa faini humo. Lakini itakayorudi ni iliyoandikwa. Kwa macho ya mahakama mjomba wako alitoa 5,000, na nyingine haipo duniani. Kabla ya Jumatatu arudi kituoni na risiti mkononi, amwombe mkuu wa kituo amwonyeshe dhamana ilivyoandikwa kitabuni na amweleze zile elfu tano ziko wapi. Aende yeye, si wewe. Wewe una kesi na una mia tano yako ya kueleza. Yeye hana doa, alilipa kile alichoambiwa ni dhamana. Aende mchana, na mtu wa pili wa kushuhudia, aseme bila kupaza sauti. Huenda akaambiwa karani alikosea, akaandikiwa nyingine. Akipigwa danadana, aandike tarehe, saa, na jina au namba iliyo kwenye sare ya aliyempokea, kisha apeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, ambayo ina ofisi Mombasa, au Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, ambayo iko hapo hapo Malindi. Anaogopa mtajiongezea, na namwelewa, mwenye tuktuk hukutana na askari wale wale kesho. Lakini lalamiko la risiti haliko ndani ya kesi yako. Hakimu hakuhukumu kwa sababu mjomba wako aliuliza pesa zake.

Jumatatu uende na kitambulisho, leseni yako ikiwa umerudishiwa, na risiti halisi ya dhamana. Kivuli chake kibaki kwa mke wako. Mjomba aje pia, hata kama hataki kukaa benchi moja na mkeo, kwa sababu pesa za dhamana hurudishwa kwa aliyeandikwa kwenye risiti, na kama ni jina lake, bila yeye utaambiwa urudi siku nyingine.

Shangazi